Arobaini ya Kioo cha Nne

Kioo cha nne kilitolewa tanuruni siku ya ishirini na saba, na aliyefungua mlango wa tanuru ni Subilaga Mwakalobo mwenyewe, fundi mkuu wa karakana. Baadaye watu walitaka sana kujua ni nani aliyemlazimisha. Hakuna aliyemlazimisha. Dk. Lwitiko alisimama nyuma yake, kavaa joho jeupe na viatu vya karatasi kama sheria ya karakana inavyotaka, akasema kwa adabu zote, "Haya dada, twende kazi," naye dada akaenda kazi.

Kipimo cha tanuru kilisoma nyuzi mia mbili ishirini na mbili. Bado siku kumi na tatu arobaini itimie.

Kioo chenyewe si cha kujitazamia. Ni bonge la kioo safi lenye upana wa sinia la pilau na uzito wa kilo sitini, na usoni limepakwa tabaka thelathini na nane za kioo chembamba cha aina mbili, hii juu ya ile, ili mwanga ukilipiga urudi wote bila kupotea. Vinne vya namna hiyo vilikuwa vifungwe ndani ya handaki la Lupaso, chini ya milima ya Rungwe, mwanga ukienda na kurudi kati yao. Mtambo mzima uliitwa Sikio. Mwamba unapokaribia kuvunjika husaga meno kwanza, dakika tatu hivi, kwa sauti ndogo ambayo hakuna chombo kilichowahi kuisikia. Sikio lilijengwa liisikie, kisha lipulize mabaragumu yaliyofungwa juu ya kila paa, watu watoke nje kabla nyumba hazijaanguka.

Adui wa kazi hiyo ni joto. Kitu chenye joto hakitulii, hata kikikaa mezani bila kuguswa. Ndani ya zile tabaka mna chembe ambazo hazijaamua zikae wapi. Kila moja ina viti viwili, inahamia hiki, inarudi kile, na kila ikihama uso wa kioo unatetemeka, kiasi kidogo kuliko chembe yenyewe. Kwa macho ya binadamu hiyo si kitu. Kwa Sikio ni kelele ya sokoni. Ukikipoza kioo haraka, chembe zinaganda zikiwa bado zinagombea viti. Ukishusha joto pole pole, nyuzi kumi na nne kwa siku kuanzia mia sita, moja baada ya nyingine huchagua kiti cha chini na kutulia.

Aliyegundua mwendo huo ni Tupokile, fundi mkuu wa kwanza wa karakana, marehemu sasa. Alipima kioo baada ya kioo kwa miaka sita akachora mchoro: kelele inashuka, inashuka, mpaka siku ya thelathini na nane ndipo inalala. Akaongeza siku mbili za tahadhari. Kwa kuwa alikuwa mama wa watoto watano, akasema kioo nacho kitakaa arobaini, kama mzazi. Utani ukanoga. Kioo kilicho tanuruni kikaitwa mzazi, mtu akiongea kwa sauti karibu na tanuru aliambiwa asimwamshe mtoto, na siku ya arobaini karakana nzima ilikunywa uji wa pilipili manga kwenye vikombe vya maabara, wakicheka mpaka machozi.

Dk. Lwitiko Mwasandube aliletwa kuwa mkurugenzi mwaka mmoja baada ya Tupokile kuzikwa. Alikuwa amesomea elimu ya mwanga ng'ambo miaka kumi. Akaukuta uji, akasikia habari za mzazi, akajumlisha mwenyewe.

"Arobaini ni mila, dada," alisema siku ile ya ishirini na saba. "Nzuri sana, tuitunze. Lakini sayansi haihesabu siku za uzazi. Kule nilikosoma wanapoza kwa wiki tatu. Na mgeni rasmi anakuja tarehe kumi na tano, hatuwezi kumwonyesha Sikio lenye vioo vitatu."

Kule alikosoma vioo vilikuwa vya kazi nyingine, lakini hilo Subilaga hakulisema. Mchoro wa Tupokile ulikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka aliposimama, na hakuufungua. Aliona aibu. Hiyo ndiyo sababu, na katika miaka yote iliyofuata hakupata nyingine iliyo nzuri zaidi. Aliona aibu kuonekana mama wa Rungwe anayetetea uji mbele ya daktari wa mwanga. Karakana yake yenyewe ndiyo iliyochukua vipimo vya miaka sita na kuvivika kanga, kisha ikashangaa mgeni alipoona kanga tu.

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja: *Mapumziko yamekamilika?* Akaandika Ndiyo, akatia saini.

Mgeni rasmi alikata utepe. Kwenye skrini mstari wa kelele ulikaa juu ya mahali pake, Dk. Lwitiko akauita kiwango cha muda, na watu wakapiga makofi.

*

Miezi saba baadaye, katikati ya Juni, saa mbili na robo asubuhi, mwamba ulisaga meno chini ya kijiji cha Itumbwe. Sikio halikutofautisha kusaga huko na mtetemo wa kioo chake chenyewe. Lilingoja, likasikiliza, likangoja tena. Mabaragumu yalilia sekunde ishirini kabla ya nyumba kuanguka.

Walikufa watu thelathini na mmoja.

Subilaga alifika Itumbwe mchana ule. Ndiko alikozaliwa. Mama yake, mzee wa miaka sabini na sita, alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki uwanjani, blanketi mabegani, mzima kabisa. Jiko lake lilikuwa rundo la matofali.

"Nilikuwa mlangoni naosha sahani," mama alisema. "Likalia. Nikatupa sahani nikatoka. Ndaga, mwanangu. Ndaga sana. Hiyo kazi yenu Mungu aibariki."

"Mama, usinishukuru."

"Nimshukuru nani basi? Ningekuwa mle ndani saa hizi."

Mdogo wake, Bupe, mwalimu wa darasa la pili, alikuja na vumbi mpaka kwenye kope. Alimkumbatia dada yake kwa nguvu, akamwachia, akamkumbatia tena.

"Niliwatoa mistari miwili ya mbele," Bupe alisema. "Miwili, dada. Watoto kumi na wanane. Bila baragumu lenu hata hao nisingewatoa."

Darasa la Bupe lilikuwa na mistari mitano. Mazoezi ya shule yalionyesha kuwa darasa zima hutoka kwa dakika moja na sekunde arobaini. Subilaga aliijua hesabu hiyo kwa sababu ndiye aliyekuja na saa mkononi kuipima. Alitaka kusema pale pale. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni kumshika mkono.

Kilichomtisha zaidi kilianza siku ya nne. Watu waliokuwa wakilala nje wakaanza kurudi kwenye nyumba zilizosimama. Aliwauliza kwa nini, wakamshangaa. Baragumu si lipo? Limejithibitisha. Likilia tutatoka.

*

Aliporudi karakana alifungua ile droo. Akapiga hesabu asubuhi yote, akairudia, kisha akaenda ofisini kwa mkurugenzi na karatasi moja.

"Dakika tatu na sekunde kumi," alisema. "Kioo cha nne kingekaa arobaini yake, tungewapa dakika tatu na sekunde kumi."

Dk. Lwitiko hakuitazama karatasi. Alikuwa amekonda, shingo inaogelea ndani ya kola. "Unadhani mimi sijapiga hesabu hiyo? Mimi nimepata dakika tatu na nane."

Subilaga akaiweka karatasi yake juu ya meza.

"Tukitoe," Subilaga akasema. "Kirudi tanuruni, kianze upya."

"Na Sikio tulizime siku arobaini? Bonge jingine la kioo linakuja Machi. Tuvumilie mpaka Machi."

"Wataalamu wa miamba wanasema kuna uwezekano wa moja kwa tatu litakuja tetemeko lingine kabla ya Septemba. Wewe unazo ripoti zao."

"Ninazo. Na mbili kwa tatu halitakuja." Akainama mbele. "Dada Subilaga, nisikilize. Ukizima Sikio, amri ya mkoa inajiwasha yenyewe, hakuna kulala chini ya paa mpaka lirudi. Watu elfu tisa, Julai. Julai ya hapa unaijua wewe kuliko mimi. Sekunde ishirini ni chache, najua, naziota. Lakini ni bora kuliko sifuri."

"Basi tuwaambie ukweli, wachague wenyewe."

"Tukiwaambia baragumu haliaminiki, siku likilia hakuna atakayekimbia. Hizo ishirini nazo tutakuwa tumewanyang'anya."

Ubaya wa Dk. Lwitiko ni kwamba hakuwa mjinga. Kila alichosema kilikuwa na mashiko. Subilaga alisimama pale akitafuta kosa asilione, isipokuwa jambo moja tu, kwamba watu wa Itumbwe walikuwa wanaingia ndani kwa sababu ya ahadi ya dakika tatu ambayo yeye alijua ni ya uongo. Wangelala vyumba vya nyuma. Wangewalaza wagonjwa mbali na mlango. Wangewakalisha watoto mistari mitano.

"Nitaandika barua kwa tume inayosimamia Sikio," alisema.

"Andika. Hata mimi nitasaini. Lakini baada ya baridi, tafadhali."

Hakungoja baridi iishe. Jumatatu iliyofuata, mafundi walipokwenda kula, aliingia handakini na ufunguo wake wa fundi mkuu, akafunga mwanga, akakishusha kioo cha nne kwa winchi ya mkono na kukiweka kwenye toroli. Jasho lilimtoka ingawa handaki ni baridi. Akakiingiza tanuruni, akapandisha joto. Kisha akarudi kwenye chumba cha mabaragumu na kuwasha kipaza sauti. Mpango ulikuwa kusoma maneno aliyoyaandika, lakini karatasi aliiacha karakana, akasema yaliyomjia.

"Mimi ni Subilaga Mwakalobo, binti wa Itumbwe. Kioo cha nne kilikuwa kinahitaji siku arobaini, mimi nikakitoa siku ya ishirini na saba na kuandika kuwa mapumziko yamekamilika. Ndiyo maana mlipata sekunde ishirini. Nimezima Sikio ili nikirekebishe. Kwa siku arobaini hakutakuwa na onyo lolote. Tokeni nje, mkae nje. Nisameheni."

Juu ya mapaa yote mabaragumu yakatoa mlio mmoja mrefu wa amri ya mkoa. Dk. Lwitiko alikuja anakimbia, bila joho, na viatu vyake vya kawaida. Alitazama tanuru.

"Limefika ngapi?"

"Mia nne na ushee."

Kioo chenye joto hilo ukikifungulia mlango kinapasuka vipande. Alijua. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akafunga uso kwa viganja. "Ungeniachia hata nitafute mahema," alisema. "Siku tatu tu, Subilaga. Ningepata mahema."

Hilo Subilaga hakuwa amelifikiria. Katika hesabu zake zote, mahema hayakuwamo.

*

Walimsimamisha kazi siku ya pili na kumrudisha siku ya tatu, maana hakuna mwingine aliyethubutu kuligusa tanuru. Polisi mmoja aliwekwa mlangoni. Kila asubuhi Subilaga alishusha nyuzi kumi na nne, akaandika, akakaa.

Mahema yalianza kufika siku ya kumi na moja, nusu ya yaliyohitajika. Itumbwe ililala chini ya maturubai na majani ya migomba, ukungu ukishuka saa kumi jioni na kukataa kuondoka hadi saa nne asubuhi. Wagonjwa wa zahanati walilazwa barazani. Watu walitii, na walipotii walitukana, na jina walilotukana lilikuwa lake. Mlima ulikaa kimya. Kila siku iliyopita bila tetemeko Subilaga alimshukuru Mungu, halafu alijikuta anamwogopa.

Siku ya kumi na tisa Bupe alipiga simu.

"Mama anakohoa."

"Mpeleke barazani zahanati."

"Yuko barazani, dada. Baraza lina ukuta mmoja."

Siku ya ishirini na tatu kikawa kichomi. Subilaga aliomba ruhusa akapewa saa sita. Mama alikuwa mdogo sana chini ya mablanketi manne, pumzi zinakwaruza. Alimtambua. Akasema, "Baridi yenu hii," kama vile baridi nayo ilitengenezwa karakana, kisha akalala. Bupe aliketi upande wa pili wa kitanda na hakuinua macho.

Alifariki siku ya ishirini na sita. Mazishini hakuna aliyemtukana Subilaga wala kumsalimia. Walimpisha njia akamwaga udongo wake, wakafunga njia nyuma yake. Saa tisa alikuwa amerudi Lupaso kwa sababu joto lilikuwa lishushwe, na kama angeliacha siku moja, wote waliokufa kwa baridi wangekuwa wamekufa bure. Alijiambia hivyo. Walikuwa saba kufikia siku hiyo, wazee watano na vichanga wawili. Walifika tisa kabla ya mwisho.

*

Siku ya arobaini alifungua mlango, akakishika kioo kwa mikono yake yenye glavu za kitambaa, kikiwa na vuguvugu kidogo. Wakakifunga mahali pake, wakaufungulia mwanga. Mstari wa kelele kwenye skrini ukashuka, ukashuka, ukalala kabisa. Hakuna kioo cha Lupaso kilichowahi kutulia namna ile. Fundi mmoja alianza kupiga makofi, akajiona yuko peke yake, akaacha.

Mabaragumu yakatangaza kuwa watu warudi ndani.

Sikio lililotulia linasikia zaidi ya kusaga meno. Linasikia jinsi mwamba ulivyobanwa, na kwa kuwa mbano hupungua au kuongezeka pole pole sana, ukiwa na vipimo safi vya siku chache unaweza kurudisha hesabu nyuma hadi miezi. Dk. Lwitiko alikaa na vipimo hivyo wiki nzima. Siku ya nane alimwita, akamgeuzia skrini.

Mwamba wa Itumbwe ulikuwa umelegea wote. Nguvu yote ilitoka Juni, asubuhi ile ile, haikubaki ya kuvunja hata chungu. Hapakuwa na tetemeko la pili. Halikuwapo tangu siku ya kwanza ya mahema, wala kabla ya mahema.

"Hukuwa na njia ya kujua," Dk. Lwitiko alisema. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Kioo kile kibovu kisingeweza kutuambia. Ilibidi kitulie kwanza."

"Najua."

"Hata mimi sikujua. Nilibahatisha upande ulio sawa, basi."

"Najua, Daktari."

Tume ilikuwa ije Jumanne. Barua ya Subilaga ilikuwa imeshafika, ikiwa na saini ya Dk. Lwitiko pia, kwani aliitimiza ahadi yake. Kesi ingekuwepo, na Subilaga hakuiogopa. Alichoogopa kilifika Jumamosi mchana, kwenye lango la kituo, kimevaa kanga nyeusi.

Bupe hakukubali kuingia. Walisimama pande mbili za lango, mlinzi akajitia hamnazo akaenda kukagua uzio. Bupe alikuwa amekonda usoni, na midomo imepasuka kwa baridi.

"Shikamoo dada," alisema, kwa sababu hata chuki ina adabu zake Itumbwe.

"Marahaba mdogo wangu."

"Kule wanasema hilo Sikio sasa linaona nyuma. Wanasema limeona kulikuwa na tetemeko linakuja, kubwa, likageuka njiani. Kwamba kama tungekuwa ndani lingetumaliza." Alishika nondo ya lango. "Mzee wa kanisa amelisema mbele ya watu. Wengine wameanza kulitaja jina lako vizuri. Nimekuja uniambie. Ndivyo lilivyoona?"

Subilaga alimtazama mdogo wake akaona jinsi anavyolitaka lile neno moja. Lingetosha. Lingemfanya mama yao awe amekufa kwa ajili ya kitu, na vichanga wawili pia, na hakuna mtu Itumbwe ambaye angeweza kusoma skrini ile akampinga. Alijua kabisa namna ya kulisema, hata sura ya kuvaa aliijua.

"Hapana," alisema. "Limeona hakuna kitu. Yaliisha Juni. Mngeweza kulala ndani siku zote."

Bupe akaachia nondo, akajifunga kanga upya, taratibu, kama anayejiandaa kwa safari ndefu.

"Kwa ajili ya mgeni rasmi uliweza kudanganya," alisema. "Kwa ajili ya mama ukashindwa."

Akageuka, akashika barabara ya kurudi Itumbwe. Subilaga alimwita mara mbili, na Bupe hakugeuka hata mara moja.